Liwali Mbarak Ali Hinawy na Ngomeni: nani alitangulia?

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni binti wa Majengo, Mombasa. Nasomea utalii, na siku ambazo sina darasa huwatembeza wageni Mji wa Kale na Ngomeni, yaani Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno. Kila kitabu ninachoshika kinaniambia kwamba aliyechimba Ngomeni na kuweka makumbusho ni Mwingereza James Kirkman. Babu yangu hakubali. Anasema Liwali Mbarak Ali Hinawy ndiye aliyetangulia, na kwamba sisi wenyeji tumeachwa nje ya habari hii. Nani mkweli kati yao, na wageni niwaambie nini?

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu. Jambo hili hubishaniwa sana barazani hapa Mombasa, na kwa kawaida kila upande huwa na haki yake. Vitabu havikudanganya: aliyechimba Ngomeni ni Kirkman. Babu yako naye hakuzua: kabla sururu ya mtafiti haijagusa udongo wa Ngomeni, Liwali Mbarak Ali alikuwa ameshachapisha kitabu kuhusu ngome hiyo hiyo. Lakini kuchimba ni kazi moja, na kukusanya hati na kauli za watu ni kazi nyingine. Anayezichanganya humvika mmoja sifa za mwenzake, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Upande wa Kirkman nitaupitia haraka, maana ndio unaoujua. Alianza kazi Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948, akayachimba magofu yale kwa muda wa miaka kumi hivi. Wakati huo Ngomeni ilikuwa jela. Waingereza waliifanya gereza mwaka 1895 na ikakaa hivyo hadi 1958. Wafungwa walipohamishwa, ngome ikatangazwa hifadhi ya taifa, Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa paundi 30,000, Kirkman akashuka Mombasa kuchimba, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa yeye akiwa mtunzaji wa kwanza. Ripoti yake kubwa juu ya Ngomeni ilitoka 1974. Hayo hayana ubishi, na kazi ile inastahili heshima. Wafanyakazi walioshika sururu na karai hawakuandikwa majina kwenye majalada ya vitabu, na hilo pia lina haki ya kusemwa mbele ya wageni wako.

Sasa Liwali. Mbarak Ali Hinawy alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wenye asili ya Oman. Kuanzia 1941 alikuwa Liwali wa Pwani, yaani mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika ukanda wa maili kumi, huku akifanya kazi ndani ya serikali ya Kiingereza, ambayo ilimpa hadhi ya Sir. Alifariki 1959. Zilinganishe tarehe hizo na zile za makumbusho: aliiona jela ikifungwa, lakini hakuwahi kuona mgeni hata mmoja akikata tikiti. Kwa hiyo usiseme kwamba alianzisha makumbusho. Wala hakuwa mwanaakiolojia. Hakupima matabaka ya udongo wala hakupanga vigae.

Kazi yake ilikuwa kukusanya. Alitafuta tenzi, mashairi na habari za kale za pwani hii, akaziweka, akazisoma. Alibadilishana barua na mashairi na William Hichens, Mwingereza aliyekusanya fasihi ya Kiswahili na ambaye majalada yake yamehifadhiwa chuo cha SOAS mjini London. Tarishi wa posta hakujua alichobeba, lakini sehemu kubwa ya tunachojua leo kuhusu ushairi wa zamani wa Mvita, yaani Mombasa, na Lamu ilipita katika barua za namna ile.

Halafu mwaka 1950 akatoa kitabu chembamba kwa Kiingereza kuhusu al-Akida na Ngomeni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kitabu hicho ndicho ushahidi bora alionao babu yako.

Akida ni Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, mtu wa asili ya Hadhramaut, aliyekuwa kamanda wa askari wa Sultani ndani ya Ngomeni katika zama za Sayyid Barghash. Alifarakana na Liwali wa Mombasa, mambo yakachacha, akajifungia ngomeni na askari wake na kugeuza mizinga kuelekea mji. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliingia na kuipiga ngome mizinga kwa niaba ya Sultani. Akida akasalimu amri, akaondolewa Mombasa. Mmoja wa watu wa Mombasa wa zama zile, Abdallah bin Masud bin Salim al-Mazrui, aliitungia fitina hiyo utenzi. Hinawy aliuchapisha utenzi huo pamoja na tafsiri, na mbele yake akaweka habari za maisha ya Akida.

Fikiria sasa mchimbaji anapofika mwaka 1875 katika kuta zile. Anaweza kuona jiwe lililopasuka na chokaa iliyozibwa upya. Anaweza kuokota risasi ya mzinga na kuipima. Akifungua kumbukumbu za jeshi la majini la Uingereza atapata majina ya meli na saa ya kufyatua. Lakini kwa nini askari aliyelipwa na Sultani alimgeuzia Sultani mgongo, nani alimchongea, nani alikwenda kusuluhisha, na wakaao Mji wa Kale walikuwa katika hali gani huku mizinga ikiwaelekea? Hayo udongo hauyasemi. Yalibaki katika beti za utenzi na katika vinywa vya wazee, na kama si mtu kuyaandika wakati waliokumbuka wangali hai, yangekwenda nao.

Kuna ufundi hapa ambao watu huupuuza. Tenzi hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, kama zilivyotumiwa na waandishi wa pwani, hazikutenganisha vizuri baadhi ya sauti zetu. Herufi moja ya *ba* ilibeba *b*, *p* na hata *mb*. Asiyeijua lugha ya Mvita, asiyejua koo, mitaa na majina ya utani ya mji, anaweza kuwa na hati halisi mkononi na bado akasoma jina la mtu kuwa jina la mahali. Msomi wa mji huu ndiye aliyeweza kuifungua hati ile. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kitaalamu kamili, sawa na ya yule anayeangalia kipande cha kaure ya Kichina na kukuambia kilifinyangwa karne gani.

Hata hivyo usikisome kitabu cha Hinawy kama msahafu. Yeye alikuwa Liwali, na anamwandika mtu aliyepigana na Liwali. Aliyetunga utenzi naye ni Mmazrui, na Wamazrui waliitawala Mombasa kwa muda wa karibu karne moja hadi Sayyid Said alipowaondoa 1837. Huyu anamtazama mtu mwingine akigombana na jamaa ya huyo huyo Said. Kila mmoja ana mahali alipokaa. Ukisoma ukiwa na swali hilo kichwani, kitabu kinakuwa na thamani zaidi, wala hakipungui.

Kama babu yako anataka aliyetangulia, basi Hinawy mwenyewe alikuta njia imeshakanyagwa. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, alizunguka akikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka kwa watu wa Mombasa waliokuwa bado wanayahifadhi moyoni. Alifanya kazi hiyo na mmisionari W. E. Taylor, na hati zao ndizo zilizomwezesha Hichens kuchapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940. Muyaka aliishi zama za Wamazrui, akaimba vita vyao na siasa zao, kwa hiyo mashairi yale ni hati za historia ya Ngomeni kama ilivyo hati nyingine yoyote. Nyuma zaidi kuna tarikh, yaani historia, ya Mombasa iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo nahodha Mwingereza Owen aliichapisha katika kitabu chake cha 1833 na Mfaransa Guillain akaitoa tena 1856. Wageni walichapisha; walioandika ni watu wa hapa.

Na kuna Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947. Wengi wanamjua kwa magazeti yake na mawaidha yake. Wachache wanajua kwamba aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, yaani habari za magavana waliokaa Ngomeni, na akafariki kabla ya kuimaliza. Kitabu hicho hakikuchapishwa hadi 1995, kikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Hesabu mwenyewe: miaka yote ambayo Ngomeni ilikuwa inachimbwa na vyumba kupewa vibao, historia ya waliokaa humo, iliyoandikwa na kitukuu wao, ilikuwa bado ni mswada. Jambo hilo linaniuma kuliko suala la nani alitangulia.

Matokeo yake yanaonekana ukiingia Ngomeni. Ukifika lango la nje, inua macho. Kuna jiwe la maandishi ya Kireno lililowekwa 1639. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni tangu 1635, aliyekuwa na umri wa miaka 27 alipopewa ngome. Linasema ameijenga upya, ametiisha pwani, amewatoza kodi wafalme kadhaa, na ameadhibu miji ya Pate na Siyu. Ni majivuno yaliyochongwa, na yamekaa juu ya mlango hadi leo. Wageni hulipiga picha na kupita. Wewe simama pale uwaambie kilichotangulia: mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, mtoto wa Mombasa aliyelelewa na Wareno Goa, India, na kubatizwa Dom Jerónimo, aliingia Ngomeni mwezi wa Agosti, akamuua kapteni na kuwamaliza Wareno. Mwaka uliofuata aliiacha ngome na kwenda zake baharini. Jiwe lile lina kelele kwa sababu ya aibu iliyokuwa bado haijapoa.

Kisha wapeleke kwenye michoro ya ukutani ya askari wa Kireno: merikebu, samaki na watu, waliochorwa kwa makaa na udongo mwekundu na vijana waliochoshwa na zamu. Ni kitu cha thamani, na kuihifadhi ni sifa ya wachimbaji. Baada ya hapo uwatie katika ukumbi wa Wamazrui wenye nakshi ukutani. Hapo hakuna haja ya kukisia nani alikaa. Unaye Muyaka, unaye Sheikh Al-Amin, na ukitoka nje hatua chache unayo makaburi yao. Na ukifika kwenye habari za ngome kuzingirwa muda mrefu na Waomani, Machi 1696 hadi Desemba 1698, usiwaache wageni waondoke wakidhani ilikuwa vita ya Wareno na Waarabu tu. Mwaka 1697, Wareno wa ndani walipokwisha kwa maradhi, aliyeshika amri ya ngome hadi msaada ulipofika alikuwa Mswahili wa Faza, Bwana Daud. Wageni wengi hushangaa kusikia hilo. Wenyeji hushangaa zaidi.

Usidhani nawashutumu wachimbaji. Kila taaluma huona kile ilichofundishwa kuona. Kizazi cha Kirkman kilipima umri wa miji kwa vyombo vya kuja, kaure ya China na vigae vya Uajemi, kwa sababu hivyo vina tarehe. Kaburi la Gedi lenye mwaka 802 wa Hijri, yaani 1399, lilikuwa bahati kubwa kwao kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mtu akitazama vyombo vya kuja miaka mingi, anaanza kuona mji mzima umekuja. Kitabu cha Kirkman cha 1954 kiliita Gedi mji wa Kiarabu, kwenye jina lake kabisa. Baadaye Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, alikuta misikiti juu ya misikiti, wa mwanzo kabisa ukiwa wa karne ya nane, ndani ya kijiji ambacho vyungu vyake vingi ni vya hapa hapa. Wakaja wasomi wetu, George Abungu, Chapurukha Kusimba, Athman Lali Omar na wenzao, wakauliza maswali ya watu wenyewe: walilima nini, walifua chuma wapi, walifanya biashara gani na watu wa bara. Leo hakuna mtaalamu makini anayesema miji hii ilijengwa na wageni waliowakuta wenyeji wamekaa bure.

Mombasa yenyewe ina mfano mzuri. Wazee wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, daima wamesema kwamba kabla ya Shehe Mvita kulikuwa na mji na malkia, Mwana Mkisi. Wasomi wengi waliichukua kuwa ngano. Katika miaka ya 1970 Hamo Sassoon, ambaye naye alikuwa mtunzaji Ngomeni, alichimba kwenye uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani, akakuta makazi ya tangu mwaka 1000 hivi, ya zamani kuliko jengo lolote lililosimama Mji wa Kale. Sisemi kwamba aliokota pete ya Mwana Mkisi. Udongo hautaji majina. Lakini wazee waliposema kuna mji uliotangulia, walisema kweli, na ingefaa waulizwe mapema zaidi.

Na kama unataka kuona kazi hizi mbili zikikutana vizuri, msome Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, 1927 na kufariki 2017 baada ya kuishi miaka mingi hapa Mombasa. Utenzi wake juu ya jahazi, uliochapishwa Leiden 1979, unataja chombo kipande kwa kipande, tangu mkuku hadi tanga, na vyakula na vyombo vya mabaharia. Chukua ubeti mmoja, simama nao mbele ya vifaa vya baharini katika makumbusho, na ghafla kila kipande kina jina. Kibao cha ukutani hakitoshi kwa hilo. Ukipata nafasi, zungumza pia na watunzaji wa Ngomeni na watu wa taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya Makumbusho ya Taifa. Wengi wao ni watoto wa pwani na hupenda kijana anayeuliza.

Jambo moja zaidi, na hili ni la haraka. Babu yako anakumbuka zama za Liwali. Mrekodi. Andika amesikia nini, amesikia kwa nani, na huyo aliyemsimulia alikuwa nani katika mji. Usimrekebishe anapotofautiana na kitabu. Andika tofauti ilivyo. Akisema jambo lisilowezekana kwa tarehe, liandike pia, kisha weka tarehe pembeni.

Kwa wageni wako, sema hivi kwa maneno yako mwenyewe: James Kirkman ndiye aliyechimba ngome hii na kuifungua kuwa makumbusho mwaka 1960. Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani, ndiye aliyeandika na kuchapisha, miaka kumi kabla ya hapo, kisa cha Akida aliyejifungia ndani ya ngome hii mwaka 1875, akitumia utenzi wa mtu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua na Sheikh Al-Amin walihifadhi habari za Wamazrui. Mgeni akikuuliza nani mkubwa kati yao, mwonyeshe ukuta wa upande wa bahari, msimulie mizinga ya Januari 1875, halafu umtajie ulikopata kila sehemu ya kisa: hii ni ya jiwe, hii ni ya kumbukumbu za Waingereza, hii ni ya utenzi.